Viti Vinne vya Mkandarasi

Mtu akichoka kidogo hutafuta kitanda. Akichoka kupita kiasi, kitanda hakimtoshi tena, hutafuta kitu cha kununua. Daktari wetu alikuwa amefika huko, na kitu chenyewe kilikuwa gari.

Hospitalini walimwita Daktari Usingizi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuwapa watu nusu kaputi kabla ya kupasuliwa, na kuhakikisha kwamba waliolala wanaamka. Yeye mwenyewe usingizi aliuona kwenye nyuso za wengine. Asubuhi alikuwa hospitali ya serikali. Jioni alivuka mji kwenda hospitali ya binafsi, ambayo nyumbani waliiita "ya pili", kama watu wanavyomtaja mke mdogo. Usiku simu ikilia chini ya mto alivaa viatu gizani na kuondoka. Kinyozi hajinyoi, mkewe alizoea kusema, na siku hizi alikuwa akisema bila kucheka.

Kazini Daktari alikuwa na desturi yake. Mgonjwa akishalazwa mezani, taa kubwa zikimkodolea macho, Daktari aliketi kichwani pake, akamwinamia sikioni, akamwambia, "Haya, nipeleke safari. Tunatoka wapi?" Mtu aliyekuwa akitetemeka alianza kusimulia. Huyu alimpeleka kwa bibi yake, yule alimpeleka kazini kwake kwa njia ya mkato, mwingine alimpitisha sokoni kwanza. Dawa ilipoingia mshipani ulimi ulilegea, neno likakatika katikati. Hakuna aliyewahi kufika. Kwa miaka yake yote ya kazi Daktari alikuwa ameanza safari nyingi kuliko dereva wa lori, na hakuwa amemaliza hata moja.

Kuamsha nako kulikuwa na utaratibu wake. Hakuondoka kichwani pa mgonjwa mpaka amuulize maswali mawili na kujibiwa: jina lako nani, na uko wapi. Jina si kazi, hata mlevi hulikumbuka. La pili ndilo alilolisubiri. Anayejua yuko wapi ameamka, na asiyejua, hata akifumbua macho namna gani, bado kalala.

Basi Mkandarasi akaja kubadilishwa goti. Alikuwa mzee mnene, mcheshi, aliyejenga nusu ya maghorofa ya mji ule, na alipoambiwa aongoze safari hakusita. "Tunatoka kwangu," alisema. "Nafunua turubai. Gari la milango miwili, Daktari, lakini ndani viti vinne, viti vya watu wazima, si vya kuwekea mikoba. Silinda kumi na mbili. Naliwasha, linakohoa mara moja, halafu..." Hapo akalala usingizi wa pono.

Halafu nini? Daktari alikaa pale kichwani, wapasuaji wakigongagonga mfupa kama mafundi seremala, naye swali hilo likimtembea kichwani. Safari zilizokatika alizizoea, na kwa kawaida alizisahau kabla hajavua glavu. Hii ilimganda.

Mkandarasi alipoanza kutembelea magongo, Daktari alipita wodini kumjulia hali, na kabla ya kuuliza goti aliuliza gari. Mzee alicheka. Hakukumbuka alisema nini, lakini gari lilikuwepo, na lilikuwa linauzwa. Goti lake halikubali tena kuingia kwenye kitu kilicholala chini vile. Mara ya mwisho alitolewa na watu wawili kama gunia la saruji. Bei aliyoitaja ilikaribia sana akiba ambayo Daktari na mkewe walikuwa nayo benki. Daktari akaona hiyo ni ishara. Mchovu haoni mengi, lakini ishara huziona kila mahali.

Tatizo ni kwamba akiba ile ilikuwa na kazi yake, na hapa lazima tumtaje mkewe.

Mkewe alikuwa mwalimu wa udereva, na hata mumewe alimwita Mwalimu. Kigari chake cha kufundishia kilikuwa na breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na miaka ya kukanyaga hiyo ya mwalimu ilikuwa imemwachia ugonjwa: akipakiwa kwenye gari lolote, mguu wake wa kulia ulitafuta sakafuni breki isiyokuwepo. Hakupenda kupakiwa. Alipenda kuendesha, au kukaa pale penye breki.

Wiki chache kabla ya goti la Mkandarasi, Daktari alikuwa akimrudisha kitinda mimba wao kutoka shuleni. Taa ikawa nyekundu, akasimama. Taa ikawa kijani, hakuondoka. Honi zililia nyuma mpaka binti akamtikisa bega, ndipo akaona kwamba baba yake amelala, mikono ikiwa imeshika usukani vizuri kabisa. Binti hakumwambia mama yake siku ile. Alimwambia kesho yake, maana usiku ule na yeye hakulala.

Hapo ndipo mume na mke walipokubaliana. Akiba ile waliipa jina, wakaiita ya kupumzika. Daktari angeiacha hospitali ya pili, na akiba ingejaza pengo mpaka binti amalize shule. Mume angelala kama binadamu wengine. Alikubali, tena kwa kiapo. Ilibaki kuwaambia wenye hospitali tu, na jambo hilo lilikwenda kwa leo kesho, leo kesho, mpaka likakutana na gari la silinda kumi na mbili.

Nyumbani aliuleta mpango wake kwa akili nyingi. Hakutaja mbio wala sauti. Alitaja viti vinne. Alisema magari ya namna ile kwa kawaida ni ya watu wawili wabinafsi, lakini hili mwenye kulibuni alifikiria familia. Mwalimu alimsikiliza huku akikunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Aliuliza ni nani atakayekaa kwenye kiti cha nne, kwa kuwa kifungua mimba wao alikuwa chuoni mji mwingine, na likizo iliyopita alikuja akaondoka bila kumwona baba yake ameketi. Daktari akasema ndiyo maana hasa, gari kama lile lingemfanya kijana aje mara kwa mara. Mwalimu akakunja shati jingine, akauliza habari ya hospitali ya pili. Daktari akasema angeendelea nayo kidogo.

Hakugomba. Heri angegomba. Alisema, "Twende tukalione," kwa sauti ile anayowaambia wanafunzi warudie kuegesha.

Walikwenda Jumamosi asubuhi. Daktari alikuja kwa teksi moja kwa moja kutoka hospitali ya pili, mistari ya barakoa ikiwa bado mashavuni, akawakuta mkewe na binti yake wakimsubiri nje ya geti la Mkandarasi ndani ya kigari cha kufundishia, bango la MWANAFUNZI likiwa juu ya paa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini roho ilimdunda kama ya kijana anayekwenda kuposa.

Mkandarasi aliwapokea kwa mikono miwili. Alimkaribisha Mwalimu kwa kumwita shemeji, akaitikia shikamoo ya binti kwa marahaba ndefu, kisha akawaongoza kwa gongo lake hadi kwenye banda. Turubai likaondolewa. Gari lilikuwa la rangi ya risasi, refu, limelala chini utafikiri linasikiliza ardhi. Ngozi ya viti ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na harufu yake ilikuwa ya duka la viatu. Daktari alipitisha kiganja juu ya paa taratibu, kwa namna ambayo mkewe aliikumbuka na hakuwa ameiona muda mrefu. Kusema kweli ilimuuma.

Lakini kazi ni kazi. Mwalimu alilizunguka gari, akachuchumaa, akabonyeza tairi, akasema zimezeeka bila kutembea. Aliuliza vipuri vinapatikana wapi, na Mkandarasi, ambaye alikuwa mwongo kwa wanunuzi wa nyumba lakini si kwa watu waliomtibu, alijibu kwamba vipuri vyake huagizwa ng'ambo na kuombewa dua. Aliuliza kuhusu matuta ya barabarani. Mzee akamwonyesha kitufe cha kuinua pua ya gari kila lifikapo tuta. Mwalimu akahesabu kimoyomoyo matuta ya mtaani kwao, akamhurumia huyo atakayebonyeza.

"Umeliendesha sana?" aliuliza.

"Shemeji, nimelifuta vumbi mara nyingi kuliko nilivyoliendesha," Mkandarasi alisema. Aliegemea gongo. "Nililinunua nilipomaliza lile jengo la benki. Nilikuwa nimechoka, nikasema lazima na mimi nijipe kitu. Marehemu mke wangu akapanda, akafunga mkanda, akaniuliza tunaenda wapi. Nikagundua sikuwa nimefikiria. Tukazunguka mtaa, tukarudi tukanywa chai."

Maneno hayo mtu mwenye masikio angeyashika. Daktari alikuwa ameshika funguo. Alikuwa akimwambia mzee kwamba angependa kulijaribu barabara kuu, na mzee akamjibu kwamba hana haja ya kuwasindikiza. "Nilikupa roho yangu ukanirudishia," alisema. "Nitashindwaje kukuachia gari?"

Daktari alikuwa anafungua mlango wa dereva, mkewe akamshika mkono.

"Umelala usiku?"

"Kidogo."

"Asiyelala haendeshi. Hilo ndilo somo langu la kwanza, kabla hata ya gia." Alinyoosha kiganja, funguo zikaingia. Daktari akazunguka kuelekea mlango wa pili, lakini Mwalimu alikuwa hajamaliza. "Na huko mbele atakaa mtoto. Umesema ni gari la familia. Kaa wanapokaa wanafamilia."

Hayakusemwa kwa ukali. Daktari alikunja mwili, akaingiza mguu, akakwama, akautoa, akaingiza kichwa kwanza. Mkandarasi alisimama na gongo lake akimwangalia mtu mzima anavyohangaika. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema, na binti akacheka mpaka akashika mlango.

Alipokwishaketi, Daktari alikiri moyoni kwamba mzee hakudanganya. Kiti kilimpokea vizuri, kichwa hakikugusa paa, magoti yalipata pa kukaa. Kilichomsumbua kidogo ni kile kiti cha pembeni yake, kitupu, chenye ngozi isiyo na mkunjo hata mmoja. Hakuna aliyewahi kukikalia.

Mwalimu akawasha. Gari likakohoa mara moja. Daktari akabana pumzi, maana hapa ndipo mzee alipomwachia. Halafu likanguruma, mngurumo ukashuka chini, ukawa kitu cha kifuani zaidi kuliko cha masikioni. Basi, ndiyo hiyo halafu yenyewe. Ilikuwa nzuri kweli. Alijisikia kulia, naye hakujua ni furaha au ni ile hali ya mtu ambaye hajalala, ambaye hulia kwa lolote.

Mwalimu aliendesha kama anavyofundisha, kwa utulivu, vioo kwanza. Alibonyeza kitufe kwenye kila tuta, pua ikainuka, ikashuka, ikainuka. Walipoingia barabara kuu alilipa gari mafuta kidogo tu, nyumba zikarudi nyuma kwa kasi, na binti akasema neno ambalo hakuruhusiwa kulisema mbele ya wazazi. Hakuna aliyemkemea. Kisha binti akageuka kwenye kiti chake, akamwona baba yake anavyopambana na kope zake. Akakumbuka jinsi baba alivyokuwa akiwalaza yeye na kaka yake walipokuwa wadogo, kabla hospitali ya pili haijaingia maishani mwao.

"Haya, Baba," alisema. "Tupeleke safari. Tunatoka wapi?"

Daktari alitabasamu. "Tunatoka nyumbani," alisema. "Mama yenu anaendesha, kama kawaida hataki kupakiwa. Kaka yako yuko hapa pembeni yangu, amemaliza karanga zote." Aliweka mkono juu ya kiti kitupu. "Tumepita shule. Tumepita hospitali, hatukusimama. Sasa tunaelekea..."

Alipoamka hakuamka vizuri. Alishtuka, akanyoosha mikono yote miwili mbele akitafuta barakoa, akitafuta mirija, moyo ukimpasuka, kwa sababu jambo aliloliogopa kuliko yote duniani lilikuwa limetokea: amelala kazini, kichwani pa mtu. "Mgonjwa wangu," alisema. "Mgonjwa wangu yuko wapi? Nani anamwangalia?" Alishika kichwa kilichokuwa mbele yake akatafuta shingoni mapigo ya moyo. Kilikuwa kichwa cha binti yake.

Binti hakukitoa kichwa. Machozi yakimtoka, akaacha vidole vya baba yake vihesabu.

Mwalimu aliliweka gari pembeni ya barabara, akazima. Alifungua mkanda, akageuka mzima mzima, akamwangalia mumewe. Uso wake ulikuwa umechoka pia, maana kumsubiri asiyelala ni kutolala. Alijua utaratibu, alikuwa ameusikia ukisimuliwa mezani kwa miaka.

"Jina lako nani?" aliuliza.

Daktari alilitaja jina lake, kwa sauti iliyokauka.

"Uko wapi?"

Daktari alitazama mikono yake, akaitoa shingoni mwa mtoto. Alitazama koti la shule la binti alilofunikwa, na doa la mate aliloliacha kwenye ngozi ya rangi ya chai. Alikitazama kiti cha pembeni. Kupitia kidirisha kidogo aliona jua limeshavuka utosi, limeegemea upande wa pili.

"Kwenye gari la mtu," alisema.

Mwalimu aliendelea kumtazama kidogo, kisha akageuka mbele na kufunga mkanda. "Basi umeamka," alisema, akawasha gari kulirudisha kwa mwenyewe.

Mkandarasi alikuwa amekaa mlangoni pa banda na kikombe chake. Hakuuliza walichelewa wapi. Daktari alitoka kinyumenyume kwa shida ileile aliyoingilia, akaomba radhi kwa ajili ya doa, akasema gari ni zuri kuliko alivyolisikia, na kwamba hatalinunua. Mzee akalitazama doa, akasema ndiyo kumbukumbu pekee ambayo kiti kile kimepata, na hatalifuta. Kisha akamshika Daktari bega na kumwambia aende akalale, kwa upole wa mtu aliyewahi kuambiwa hivyo na asisikie.

Waliingia kwenye kigari cha kufundishia. Binti alikwenda nyuma. Daktari alikaa mbele upande wa abiria, na miguu yake ikaikuta ile breki ya mwalimu. Hawakuwa wamefika mbali simu yake ilipolia mfukoni mwa mkewe. Mwalimu alimpa bila kuitazama, akamwambia hospitali ya pili wamekuwa wakipiga tangu mchana, naye hakupokea kwa sababu aliyetafutwa alikuwa amelala.

Daktari aliitazama ikilia. Akakanyaga breki. Gari likasimama pembeni ya barabara, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kusimamishwa na mtu maishani mwake, akaondoa mikono kwenye usukani. Mumewe alipokea. Aliwaambia kwamba leo haji, na kwamba mwisho wa mwezi watafute mtu mwingine. Upande wa pili walisema mengi. Alisikiliza, akarudia maneno yaleyale, akakata. Hakujisikia shujaa, alijisikia kama mtu aliyetua mzigo, ambaye mabega yake bado hayajaamini.

Mwalimu hakumpongeza. Alisubiri mguu utoke kwenye breki, kisha akaondoa gari.

Walipita tuta la kwanza, bila kitufe. Daktari akaegemeza kichwa.

"Nilipolala," alisema, "mlikwenda wapi?"

"Mbali," binti alisema kutoka nyuma. "Mama alisema kila akisimama unashtuka, kwa hiyo asisimame. Tukaenda tu. Lami ikaisha."

"Ikaishia wapi?"

"Kwenye geti la machimbo ya kokoto. Mlinzi akatoka mbio, akaona gari, akapiga saluti. Akachungulia, akakuona umelala mdomo wazi. Akaniuliza, huyu ndiye mkubwa? Nikamwambia ndiye, lakini amechoka. Basi akaanza kunong'ona. Akafungua geti lote ili Mama ageuze bila kupiga reva, maana alisema reva itakuamsha. Kaka akapiga simu, nikamwambia uko wapi, akasema nisikuamshe, atakuja mwenyewe mwisho wa mwezi. Halafu tukageuza."

"Kwa hiyo mlifika."

"Tulifika, Baba."

Macho ya Daktari yalikuwa mazito, lakini aliyashikilia kwa makusudi, akamwomba binti aianze tena ile safari tangu mwanzo, tangu pale kwenye karanga, asiruke hata tuta. Binti akaanza. Baba yake akasikiliza mpaka kwenye lami, mpaka kwenye geti, mpaka mlinzi alipofungua na mama yao akageuza. Ndipo akalala.